Hakuna Anayesema "Sikulienda"

Wiki ya pili ya BTP, shule moja ya kata wilayani Same, kipindi cha mwisho kabla ya chakula. Nimechora ubaoni jedwali la nyakati 12, lile tunalolijua wote: uliopita, uliopo, ujao, kila mmoja na vyumba vyake vinne. Kidato cha Kwanza wanaimba "go, went, gone" kama kwaya. Nikajiona mwalimu kweli. Kisha nikamwuliza kijana wa dawati la nyuma, kwa Kiingereza, kwa nini jana hakuwepo. Akasimama, akawaza, akajibu: "I did not went to school, teacher. I went to shamba."

Darasa likacheka. Na mie nilicheka, nakiri.

Usiku, nikisahihisha madaftari, kicheko kikaniishia. "Did not went" ilikuwa imejaa kila daftari, hata la yule anayeongoza darasa. Watoto 50 na zaidi wakikosea jambo lilelile kwa namna ileile, tatizo si akili zao. Nimewaimbisha jedwali, sijawaeleza kitu.

Kesho yake nikafunga mlango, maana nje ukutani kuna tangazo kwamba hapa ni Kiingereza tu. Nikaandika ubaoni: "Nilienda." Nikasema, kanusheni. "Sikuenda!" Haya, ile "li" iko wapi? Kimya. Mbona hamkusema "sikulienda"? Wakaangua kicheko, maana hakuna anayesema hivyo, hata mtoto wa miaka minne. Nikawaambia Kiingereza nacho hakitaki wakati uliopita ukae mahali pawili. Ukishaweka "did", kitendo kinarudi kuwa "go" tupu. Yule kijana wa shamba akanyoosha mkono: "Kwa hiyo mwalimu, 'did' ndo imeibeba jana?"

Ndiyo. Imeibeba jana. Sijawahi kusikia mtu akilieleza hilo vizuri zaidi, na nimekaa kwenye mihadhara mingi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikihesabu. Kitenzi cha kawaida cha Kiingereza hakizidi maumbo matano: go, goes, went, gone, going. "Be" ndiyo imezidi, ina manane. Sasa chukua "wasingalitusubiri". Ndani ya neno hilo moja kuna mtenda, ukanushi, sharti lisilotimia, mtendwa na kitendo chenyewe, na mtoto wa Kisiwani au Hedaru analitamka huku anatafuna muwa. Halafu tunamwandikia kwenye ripoti kwamba vitenzi vinamshinda. Tofauti ya "I did not eat" na "I have not eaten", inayotutoa jasho, anayo tangu utotoni: sikula, sijala. Hakuna aliyemwonyesha kwamba anayo.

Sisemi kwamba kila kitu kinahamishika, la. "Amelala" si "he has slept". Jamaa bado yuko kitandani, Kiingereza kinataka "he is sleeping". "Amechoka" ndiyo inayozaa "he has tired". Na "ningekuwa na hela ningenunua" ina "nge" pande zote mbili, ndiyo maana wanaandika "if I would have money I would buy". Hapo Kiswahili kinadanganya. Lakini ili umwonye mtoto ni wapi kinadanganya, lazima wewe mwenyewe ujue kinavyofanya kazi. Na hapa ndipo aibu yetu ilipo, wanaelimu wenzangu. Mie nilisoma HGL, chuoni nachukua Kiingereza na Jiografia. Tangu Kidato cha Nne sijafundishwa sarufi ya Kiswahili hata saa moja. Neno "njeo" nimelitafuta mwenyewe maktaba baada ya BTP.

Tena wengi wa wale watoto Kiswahili ni lugha yao ya pili. Nyumbani ni Chasu. Mwaka 1909 mmisionari wa Kiadventista, Ernst Kotz, alichapisha Berlin kitabu kizima cha sarufi ya Chasu. Mjerumani alikaa milimani akauliza vitenzi vya Wapare vinaundwaje. Sisi tunapanda milima ileile na chaki zetu na bumu letu, hatuulizi chochote.

Aliyekuja kunitathmini alikaa nyuma siku nafundisha "nge". Kwenye fomu akaandika: anatumia Kiswahili darasani, ajirekebishe. Alama zikapungua. Simlaumu sana, fomu ndiyo ilivyo, na mtihani wa Kidato cha Nne hautamwuliza mtoto "sikulienda". Ila Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilisema Kiswahili kitatumika kufundishia ngazi zote, na Kiingereza nacho kiendelee. Basi angalau mwalimu wa Kiingereza aruhusiwe dakika kumi za Kiswahili, zikiwa zimeandikwa kwenye andalio la somo, bila kufunga mlango.

Na chuo kitupe kozi moja, hata ya nusu muhula, ya kulinganisha vitenzi vya lugha hizi. Wa Kiingereza wote waisome. Nimeshamwandikia barua mwakilishi wetu wa kitivo. Anayetaka kuongeza jina lake, karatasi iko kwangu.

Yule kijana, wiki ya mwisho, aliandika insha ya nusu ukurasa. "Did not go" mara tatu, zote sahihi. "He has tired" mara moja. Hiyo hatukuifikia.