Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Rekta: Njooni Buyenzi na Kinasa Sauti

Kwa Mheshimiwa Rekta wa Chuo Kikuu cha Burundi,
Bujumbura.

Mheshimiwa Rekta,

Nakuandikia kutoka Buyenzi. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mwashi. Miaka mingi alitoka huku kwetu alfajiri, akapandisha kwenda Mutanga kwenye ujenzi wa chuo. Mwiko wake ninao. Mpini umelika upande mmoja, pale kidole gumba kilipokuwa kikikaa, na bamba lenyewe limesagika hata likabaki jembamba kama jani la mwembe. Ni ukuta upi alioujenga? Alitueleza mara nyingi, nasi tulikuwa watoto, tukamsikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Leo natamani kumwuliza, na wa kuulizwa hayupo.

Ndiyo sababu ya barua hii. Mwaka 2024 chuo chetu kilitimiza miaka 60. Aliyeingia na kundi la kwanza akiwa kijana wa miaka 20, sasa amepita 80.

Wewe wajua historia hii kuliko mimi, lakini barua itasomwa na vijana pia. Zamani, mtoto wa nchi hii aliyetaka elimu ya juu alitazama Léopoldville, Elisabethville au Ubelgiji. Uhuru ukaja tarehe 1 Julai 1962, Ruanda-Urundi ikawa nchi mbili, na kila moja ikajitafutia chuo chake. Rwanda ilifungua chake Butare mwaka 1963. Kwetu, mwaka 1964, taasisi ndogo zilizokuwepo mjini, ambazo mapadre Wajesuiti walikuwa wamezishughulikia sana, ziliunganishwa zikawa Université Officielle de Bujumbura. Wakati huo Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa vyuo vishiriki vya Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, na vikabaki hivyo hadi 1970. Sisi, nchi ndogo isiyotimiza hata miaka miwili ya uhuru, tulikuwa na chuo kikuu chetu wenyewe. Nalisema hilo kwa fahari, wala sioni haya. Miaka ya 1970 kikaunganishwa na shule kuu ya walimu na ile ya utawala, kikapewa jina tunalolijua. Leo ukitaja chuo, mtu atakuuliza: kampasi ipi? Mutanga, Kiriri, Rohero, au Kamenge kwa madaktari?

Hayo yameandikwa kwenye amri za serikali. Amri haitaji nani aliinjika sufuria ya kwanza ya maharage jikoni, wala msichana wa kwanza alilala chumba gani, wala mwalimu alifanyaje siku kitabu kilipokuwa kimoja na wanafunzi arobaini.

Na kuna yale mazito zaidi. Mwaka 1972 wanafunzi na walimu walichukuliwa, hawakurudi. Juni 1995, pale pale Mutanga, wanafunzi waliuawa mabwenini na wenzao waliokuwa wakila nao meza moja. Mheshimiwa, historia ya chuo isiyotaja vitanda walivyoviacha haitaaminiwa na mtu wa mji huu. Naomba rejista ya mwaka wa masomo 1971-1972 iwekwe kando ya ile iliyoifuata, jina kwa jina. Kati ya watakaokosekana katika ile ya pili, wako waliokimbilia nje, wako waliofariki. Jamaa zao watasema yupi ni yupi. Kila jina lina mama aliyengoja.

Ninachoomba hakihitaji jengo. Chumba kimoja chenye mlango unaofungwa, vinasa sauti vichache, na wanafunzi wa historia watakaopewa alama kwa kazi hiyo kama wanavyopewa kwa mtihani. Waende kwa wahitimu wa mwanzo, na waende pia kwa madereva, walinzi, wapishi, wafuaji na waashi. Wengi wa hao ni watu wa huku, na wanayoyakumbuka wanayakumbuka kwa Kiswahili. Msiwahoji kwa Kifaransa. Mzee akilazimishwa lugha ya ofisi atajibu kama yuko ofisini: ndiyo, hapana, asante. Mwache aongee Kiswahili chake au Kirundi chake, naye atakupa hadi rangi ya shati la mkubwa wake wa kazi.

Mimi nimekwisha kuanza kubisha hodi. Katika avenyu yetu kuna mzee aliyefua mashuka ya mabweni tangu ujana wake hadi mikono ilipokataa. Amekubali kuzungumza. Hupatikana barazani kwake baada ya sala ya alasiri, isipokuwa Ijumaa. Utakayemtuma akae upande wake wa kulia. Sikio la kushoto halisikii tena.

Wako kwa heshima,
Mtoto wa mwashi, Buyenzi