Sketi mbili, mitandio minne, na fedha iliyobaki tuiwekee Julai



Disemba ikiingia, maswali yetu hubadilika. Miezi iliyopita tulikuwa tunaulizana rangi ya sare za harusi, hina ya nani inakoza na ukumbi upi una nafasi. Sasa tunaulizana sare nyingine: mtoto anaanza maandalizi Januari, au anaingia darasa la kwanza, nimshonee ngapi? Wako wanaosema tano, moja kwa kila siku. Wako wanaosema moja inatosha, itafuliwa usiku. Na wako, khasa walioolewa karibuni wakakuta mtoto ndani ya nyumba, wanaoona haya hata kuuliza.

Sisi tuna msimamo wetu na tunausema mapema. Nguo ya chini, iwe sketi au suruali, mbili. Shati tatu. Mitandio minne kwa mtoto wa kike. Hapo mkono urudi kwenye pochi. Kwa mtoto mdogo, fedha ya sare iliyobaki isitumike Januari, iwekwe mpaka likizo ya katikati ya mwaka. Nguo za chuoni ni hesabu yake mbali, tutaifikia.

Kwa nini si tano? Mtoto wa miaka minne mpaka saba hurefuka kama sentimita 6 kwa mwaka, na wengine hawarefuki kidogo kidogo, unaamka asubuhi unaona vifundo vya miguu viko nje. Sketi tano zilizoshonwa siku moja kwa kipimo kimoja zitapanda juu pamoja. Ukifika mwezi wa saba hakuna hata moja inayofunika goti, na kabatini mna sketi tano zilizo nusu mpya. Tena mtoto hachagui sare kama sisi tunavyochagua dira. Anavaa ile iliyo juu ya rundo, na zile mbili za chini hukaa pale mpaka zimpite.

Na liko jambo jingine ambalo wauzaji hawatakwambia: mwenye sare tano hafui. Anarundika mpaka Ijumaa. Doa la ubuyu la Jumatatu, lile jekundu, likikaa siku nne halitoki tena. La manjano ya urojo nalo ni hivyo hivyo. Mwenye mbili hulazimika kufua doa likiwa bichi, na nguo zake mbili hupendeza kuliko tano za jirani.

Tunajua tunachoambiwa kuhusu matumizi. Katika Surat al-Furqan waja wema wametajwa kwamba wanapotoa hawafanyi israfu wala hawafanyi ubakhili, wanakaa baina ya mawili hayo. Aya hii huwa tunaikumbuka tukizungumzia pilau za harusi. Ina mahali pake hata mbele ya kaunta ya vitambaa vya skuli.

Maana upande wa pili nao uko. Moja si kubana matumizi, ni kumtwisha mtu mwingine gharama, na mtu huyo karibu siku zote ni mwanamke. Ni dada mkubwa wa miaka kumi na mbili anayeacha kazi zake za skuli kwenda kufua usiku. Ni bibi mwenye miguu inayouma. Ni msichana wa kazi anayekesha akisubiri maji yatoke mferejini. Kisha masika yaje, Machi mpaka Mei, nguo ilale kambani na iamke na unyevu ule ule iliolala nao. Hapo mtoto ama anavalishwa nguo mbichi, ama anabaki nyumbani. Elimu Zanzibar ilitangazwa kuwa bila malipo mwaka 1964, na bado mtoto anaweza kukosa siku nzima ya masomo kwa sababu ya sketi iliyo kambani. Hilo linatuuma zaidi kuliko israfu ya sare tano, na ndiyo sababu hatukubali kushuka chini ya mbili hata mambo yakiwa magumu vipi. Ikiwa fedha ni ya sare moja tu, basi mmoja katika sisi, shangazi, mama mkubwa, jirani, aitoe ya pili.

Kwa watoto wa maandalizi liko na la tohara. Mtoto wa miaka minne bado ajali za chooni zinampata. Mkojo ni najisi, na nguo iliyopata mkojo haifichwi ndani ya begi ikavaliwa kesho. Lakini dawa yake si sare ya tatu. Dawa yake ni kiuno cha mpira badala ya kifungo na ndoana, ili mtoto aweze kujivua mwenyewe kwa haraka, na nguo ya ndani na kisuruali cha kawaida vilivyokunjwa kwenye mfuko wa plastiki ndani ya begi. Mwalimu wa maandalizi hamfukuzi mtoto aliyebadilishwa.

Sasa mtandio. Hapa ndipo tunapoona wengi wanapunja mahali pasipostahili kupunjwa. Sketi ni ya buluu, ina subira. Mtandio ni mweupe, uko mbele, mtoto anafutia mkono, anafutia pua, anaung'ata akifikiri hesabu. Shati lenyewe limefunikwa, halionekani sana. Kinachotazamwa na mwalimu kwenye mstari wa asubuhi ni mtandio. Ndiyo maana tunasema minne. Kitambaa chake ni kidogo, na ukinunua cha pamoja fundi anaweza kutoa miwili mahali ulipodhani utatoka mmoja na kipande. Ushonwe wenye mpira chini ya kidevu, si wa pini. Mtoto mdogo na pini havikai pamoja, na mtandio unaomvuka machoni kila mara utamfanya auchukie. Sisi tunataka azoee stara kwa raha, si kwa kugombezwa. Na jiki tusimiminie kila wiki, tetroni ikichoshwa na jiki hugeuka manjano badala ya kuwa nyeupe. Sabuni, jua la asubuhi na buluu kidogo ya kufulia vinatosha.

Katika kushona, omba pindo la vidole vinne. Ni kama sentimita 7, yaani urefu wa mwaka mmoja na zaidi. Fundi mwingine atakukatalia kwa kusema pindo kubwa linavimba. Mwambie alikunje mara mbili na alishone kwa mkono ili lifumuke kwa urahisi. Ubavuni nako aache akiba. Popolini ilowekwe maji na ikaushwe kabla ya kukatwa, kwani hurudi. Wanaonunua zilizoshonwa tayari, Darajani au Mwanakwerekwe au kwetu Chake, wageuze pindo walitazame kabla ya kutazama bei. Nyingi zina pindo la kidole kimoja, hapo unanunua miezi sita tu. Na umpime mtoto akiwa anatembea na akiwa chini: mwambie arukuu, asujudu, achuchumae palepale dukani. Sketi inayositiri akisimama inaweza isisitiri akikaa juu ya mkeka.

Chuoni sasa. Watu hufanya hesabu ya skuli ikakamilika, kisha mwezi wa kwanza una siku kumi wanakumbuka kuwa mtoto anakwenda na chuoni jioni. Kanzu na kofia kwa wa kiume, juba na mtandio wa rangi ya chuo kwa wa kike. Hapa mbili pia, lakini tunaona hata moja na nusu inatosha: juba moja jipya, na jingine la kurithi. Mtoto hukaa chuoni saa chache, amekaa chini, hakimbii sana (kwa kadiri ustadhi anavyomwezea), na vyuo vingi hupumzika Alkhamisi na Ijumaa, siku mbili nzima za kufua. Tunachokataa ni ile tabia ya kumpa mtoto sare ya skuli iliyopigwa pasi na chuoni akaenda na kanzu iliyotoboka kwapani. Mtoto anasoma kwa macho kabla hajajua kusoma. Ataelewa ni wapi wazazi wake wanapopathamini.

Kwa nini tunasisitiza fedha nyingine isubiri? Tazameni kalenda. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka 2026 iliingia Februari, 2027 inatarajiwa Februari tena, mapema zaidi, na 2028 itakuwa mwisho wa Januari. Yaani tunamaliza sare, madaftari na viatu, hatujapumua, tunanunua tambi, tende na unga wa ngano, na kabla Machi haijakatika mtoto huyo huyo anataka nguo ya sikukuu. Miaka hii michache mbele yetu miezi mitatu ya mwanzo itakuwa mizito kuliko mama zetu walivyoizoea. Sare ya tatu iliyonunuliwa Januari ndiyo deni la futari la Februari. Ikinunuliwa Julai, inanunuliwa kwa kipimo cha Julai, na mtoto anaivaa mpaka Disemba ikiwa sawasawa mwilini.

Na nani alipe? Matumizi ya mtoto, chakula chake na nguo yake, ni juu ya baba yake. Mama akitoa katika fedha yake ya mchezo au ya biashara, hiyo ni hisani na ana ujira kwa Mola wake, lakini isigeuzwe kuwa ndiyo desturi. Tunawaona wanawake wananunua kimyakimya kwa mkopo, wanamwambia mume nusu ya bei, kisha wanahangaika peke yao miezi minne. Hapana. Orodha iandikwe wakae wawili: sketi mbili, shati tatu, mitandio minne, juba, viatu, soksi. Mume akiuliza mitandio minne ya nini, aelezwe kwa upole kama tulivyoeleza hapo juu. Akiona hesabu ina kiasi na ina sababu, aghalabu hana la kubisha. Wanachobisha ni ile ya "nipe tu, watoto wa wenzetu wana tano".

Bibi harusi unayeingia nyumba yenye mtoto wa mumeo, hili lako ni zito zaidi na tunalisema kwa mapenzi. Usikimbilie kumvika mtoto sare tano ili mawifi waone una moyo. Wala usikae pembeni ukasema si wangu. Mwulize mumeo: mama yake mtoto amenunua nini? Mara nyingi nguo ziko upande wa pili, na kinachokosekana kwako ni sare moja ya kubaki hapa, mtoto akilala kwenu asiamke hana cha kuvaa. Na Mwenyezi Mungu akikujaalia wako, wakaenda skuli wote, idadi iwe moja na kitambaa kiwe kimoja. Mtume (S.A.W.) alikataa kushuhudia zawadi aliyopewa mtoto mmoja bila ya ndugu zake. Watoto wanaohesabu vipande vya mkate wanaweza kuhesabu mitandio.

Wanaopeleka skuli za binafsi wana mtihani wa peke yao: skuli inauza sare yenyewe, yenye nembo, na inataka uchukue seti kamili pamoja na fulana ya michezo na sweta. Sweta, Unguja, Januari! Ulizeni kabla hamjalipa fomu: nembo inauzwa peke yake? Ikiwa ndiyo, nunua nembo, kitambaa kashonee nje. Ikiwa hapana, chukua seti moja sasa na uulize kwa mzazi wa darasa la juu kama anazo zilizombana wake.

Na zilizombana wetu nazo zisikae kabatini zikaliwa na mende. Zitolewe Disemba hii, si Machi, maana mwenye shida anazihitaji kabla skuli hazijafunguliwa. Zifuliwe, zipigwe pasi, vifungo vitimie, zikunjwe kwenye mfuko mzuri, na apelekewe mama mwenyewe jioni, asipewe mtoto mbele ya wenzake. Iliyochanika ifanywe tambara la jikoni. Tumefundishwa kutoa katika tunavyovipenda, na pindo lile la vidole vinne, ikiwa bado halijafumuliwa lote, litamfaa na huyo wa pili.

Wenye kushona, kitambaa kifike kwa fundi wiki hii. Baada ya tarehe 20 mafundi wetu wanashika sare za skuli na magauni ya harusi za mwisho wa mwaka kwa pamoja, na mnajua wenyewe ipi inayoambiwa njoo kesho.