Malimau, Machungwa na Sisimizi wa Mitini



Vijana kadhaa wametuuliza kama yawezekana kuulea mlimau au mchungwa mpaka ukazaa pasipo kuutia dawa wala mbolea ya dukani. Twajibu ya kuwa yawezekana, lakini yataka subira na macho. Na kwanza yatupasa kukiri kosa letu wenyewe.

Nyuma ya madrasa yetu tulikuwa na milimau minne na mchungwa mmoja mkubwa, yote imejaa viota vya wale sisimizi waitwao maji moto, ambao huyashona majani wakakaa ndani yake. Watoto waliokwenda kuchuma waling'atwa, wazazi wakanung'unika, nasi tukachukua vienge vya moto tukaviteketeza viota vyote. Tulijiona tumefanya jambo la maana. Msimu uliofuata majani machanga yaliliwa na viwavi, wale wafananao na mavi ya ndege. Machungwa mengi yakaanguka kabla ya wakati wake, na tulipoyapasua tukakuta mabuu ya nzi. Jirani yetu mmoja, mzee wa makamo, akatuuliza, "Maalim, walinzi wako umewafukuza kwa dhambi gani?"

Mzee yule alisema kweli. Maji moto ni wawindaji: huwala viwavi, na huwasumbua nzi wa matunda wasipate nafasi ya kutaga. Utafiti uliofanywa Unguja na kuchapishwa katika mwaka 1953 ulionyesha kuwa huilinda minazi na mdudu afyonzaye nazi changa. Wachina nao wamewatumia ndugu za sisimizi hawa katika michungwa tangu zamani sana; kitabu kinachonasibishwa na mwaka 304 chataja viota vyao kuuzwa sokoni. Hatusemi kwamba hawana ila. Huwachunga wadudu gamba kwa ajili ya utamu wao, kwa hiyo tawi lililojaa gamba likatwe.

Ama ardhi, hapo ndipo wengi wanapoharibu. Shimo liwe la futi mbili kwenda chini na futi mbili upana, na udongo wa juu utengwe na wa chini. Udongo wa juu uchanganywe na debe moja au mawili ya samadi iliyooza barabara, kwani samadi mbichi huunguza mizizi. Mchungwa hadi mchungwa iwe kama hatua nane. Mche uliobebeshwa juu ya shina la limau hauzikwi mpaka kwenye kovu. Kovu likae juu ya ardhi kwa shubiri nzima, la sivyo shina huoza na kutoa utomvu. Majani makavu yatandazwe chini ya mti, lakini yasiliguse shina. Na kila chipukizi litokalo chini ya kovu ling'olewe mapema: hilo ni limau lenye miba mirefu, nalo likiachwa hula chakula cha chungwa. Tumewaona watu waliolima miaka mitano wakavuna malimau makali, wakamlaumu aliyewauzia miche.

Mche uliobebeshwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne. Uliotoka kwenye kokwa huweza kukawia maradufu ya hapo. Kati ya safu, miti ingali midogo, pandeni kunde au choroko, nyumba ipate mboga na ardhi ipate nguvu.

Nasi tuliwarudisha walinzi wetu. Jioni moja tulikata viota katika mwembe wa mzee yule, vyote vya kundi moja, maana makundi mawili yakikutana hupigana mpaka yakaangamizana. Tulivitia katika gunia, tukavifunga matawini, na kutoka mti hadi mti tukatandika kamba wapate njia. Siku ya kuchuma twajipaka jivu mikononi na miguuni, na watoto wadogo hukaa mbali na kikapu mpaka tushuke.

Mwezi ujao, Inshallah, tutaeleza namna ya kubebesha.