Buti lifuate mguu, mguu usifuate buti

Katika Kiswahili, kiatu ndicho kinachomwenea mtu. Hakuna asemaye kwamba mtu amekienea kiatu. Mpangilio huo wa maneno si wa kubahatisha, maana unatukumbusha ni kipi kilichotangulia kuwapo na ni kipi kilichotengenezwa baadaye ili kukihudumia cha kwanza. Mungu aliumba mguu, fundi akashona kiatu. Kwa hivyo, kiatu kisipoenea, kosa si la mguu.

Nilidhani jambo hili halihitaji mhadhara, mpaka nilipokwenda kumjulia hali mpwa wangu ambaye ni mwashi katika mojawapo ya majengo marefu yanayoinuliwa jijini Nairobi. Kijana huyu alizaliwa mguu wake wa kushoto ukiwa umepinda. Alitibiwa utotoni kwa plasta na upasuaji, akatembea, akacheza kandanda na hatimaye akajifunza uashi. Hata hivyo, kama ilivyo kawaida ya miguu ya namna hiyo, wa kushoto ulibaki mdogo kuliko wa kulia. Wa kulia huvaa namba tisa, wa kushoto namba saba.

Kazini alipewa jozi moja ya mabuti ya namba tisa, yenye kofia ya chuma juu ya vidole. La kulia lilimwenea. La kushoto alilijaza matambara. Asubuhi moja ya mvua, akipanda ngazi ya mbao huku amebeba karai la saruji, mguu ulicheza ndani ya buti, kisigino kikatoka mahali pake, naye akaanguka. Goti lilivimba. Alikaa nyumbani majuma matatu bila ujira, kwa kuwa kibarua hulipwa kwa siku aliyofanya kazi.

Nilipomuuliza nyapara wake iwapo buti hilo lingeweza kubadilishwa, alinijibu kwa adabu: "Mwalimu, buti halina shida. Ni mguu wa huyu kijana ambao hautoshi buti."

Nyapara huyo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akirudia tu mantiki ya ghala lake, ambamo mabuti yamepangwa kwa namba na kila mfanyakazi ni namba inayokuja kuchukua namba mwenzake. Lakini katika sentensi yake fupi, lawama ilihamishwa kutoka kwa kifaa ikawekwa juu ya kiungo cha binadamu. Nadhani hapo ndipo penye kiini cha tatizo ambalo wafanyakazi wengi wa nchi hii wanalibeba kimyakimya. Wahenga walisema kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hebu tuitazame namba yenyewe. Namba ya kiatu hupima urefu peke yake. Katika mfumo tulioachiwa na Waingereza, tofauti ya namba moja na inayofuata ni theluthi ya inchi, yaani milimita nane na nusu hivi. Katika mfumo wa bara Ulaya, ni theluthi mbili za sentimita. Namba hiyo haisemi lolote kuhusu upana wa mguu, kimo cha mgongo wake, unene wa kifundo wala umbo la kisigino. Upungufu huu umejulikana kwa muda mrefu. Mmarekani Charles Brannock alibuni katika miaka ya 1920 kifaa kinachopima urefu wa mguu, upana wake, na umbali kutoka kisigino hadi kwenye kiungo cha kidole gumba. Kifaa hicho kingali kinatumika. Katika maghala yetu mengi, kifaa kinachotumika ni swali moja tu: "Namba gani?"

Mguu, kwa upande wake, haukubali kufungwa katika swali hilo. Huvimba kadiri siku inavyosonga, ndiyo maana mafundi wazuri hupima alasiri, mtu akiwa amesimama. Wa kulia na wa kushoto aghalabu hutofautiana hata kwa mtu ambaye hajapata kuugua. Waliokulia pekupeku, na wafanyakazi wetu wengi wa mashamba na wa mjengo walikulia hivyo, huwa na vidole vilivyotawanyika na upana mkubwa upande wa mbele. Daktari Mmarekani, Phil Hoffmann, alilieleza hilo mwaka wa 1905 alipolinganisha miguu ya watu wasiovaa viatu na ya wale wavaao.

Fauka ya hayo, wamo wenye nyayo bapa, wenye mfupa uliochomoza kando ya kidole gumba, walioachwa na athari za polio, na wenye matende katika baadhi ya sehemu za Pwani yetu. Wamo wanawake wa mashamba ya maua ambao huvishwa gambuti zilizotengenezwa kwa kipimo cha wanaume. Na wamo wagonjwa wa kisukari ambao mishipa ya fahamu ya miguu yao imedhoofika hata wasihisi buti linapowachubua. Kwa mtu kama huyo, lengelenge dogo laweza kugeuka kidonda, na kidonda hicho kikaishia katika kukatwa mguu.

Pengine msomaji atauliza kwa nini watu hawa wasivumilie mpaka ngozi ya kiatu ilainike. Kiatu cha kawaida hulegea kidogo kidogo na kumzoea mwenyewe. Buti la kazi halina huruma hiyo. Kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO 20345 kinataka kofia ya vidole ihimili pigo la jouli 200, ambalo ni sawa na kitu cha kilo 20 kilichoangushwa kutoka kimo cha mita moja hivi. Kitu kigumu kiasi hicho hakitalainika kwa ajili ya kidole cha mtu, hata kikivaliwa miaka mitatu. Ndiyo sababu utawaona vibarua wengine wamelitoboa buti kwa kisu ubavuni ili kidole kipumue, wengine wamelikanyaga kisigino likageuka ndara, na wengine wamelitundika ukutani na kuingia kazini na sandali za mpira. Mtu wa nje huwaita wakaidi, ilhali wao wanakimbia maumivu.

Je, sheria inasemaje? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri awape watu walio katika kazi zinazowakutanisha na unyevu au vitu vyenye madhara mavazi ya kinga yanayotosha, yenye kufanya kazi yake, na yanayofaa, vikiwemo viatu pale vinapohitajika. Naomba tulizingatie neno hilo la kufaa. Kutosha na kufaa si visawe. Mwajiri aliyenunua jozi mia moja kwa watu mia moja ametimiza kutosha. Kufaa hupimwa mguuni, mmoja baada ya mwingine. Kadhalika, Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kuvishinda vikwazo vinavyotokana na ulemavu wake. Sioni kifaa kilicho karibu zaidi na maana hiyo kuliko buti la mwashi ambaye mguu wake mmoja ni mdogo.

Mpwa wangu alipopata nafuu, nilimpeleka kwa fundi wa viatu karibu na soko la Kariokor. Mzee huyo alimsimamisha juu ya karatasi, akauchora kila mguu kwa kalamu iliyosimama wima, kisha akauzungushia utepe mahali penye upana mkubwa chini ya vidole, juu ya mgongo wa mguu, kisiginoni, na kwenye kifundo. Vipimo hivyo ndivyo alivyovitumia kurekebisha faroma, yaani umbo la mguu ambalo ngozi huvutwa na kupigwa misumari juu yake. Watu wa Pwani wanalijua neno hilo kutokana na kofia zao zinazovikwa faroma baada ya kufuliwa zisipoteze umbo. Palipopungua, fundi aliongeza vipande vya ngozi. Kila mguu ulipata faroma yake.

"Mjomba," kijana aliniambia tulipotoka, "tangu nianze kazi, hii ni mara ya kwanza mtu kunipima mguu."

Mabuti yalipokamilika, gharama yake ilikaribia mara tatu ya jozi ya dukani, nami nililipa. Yalimwenea yote mawili. Lakini alipofika nayo kazini, ofisa wa usalama aliyageuza, akatafuta muhuri wa kiwango, asiuone, akamzuia langoni. Hapo ndipo nilipotambua kwamba tatizo ni kubwa kuliko ghala la mwajiri mmoja. Akivaa buti lenye muhuri, ataanguka. Akivaa linalomwenea, hataingia.

Tusiharakishe kumlaumu ofisa huyo, kwa kuwa buti ambalo halijajaribiwa laweza kumhadaa mvaaji. Nchini Ujerumani, kwa mfano, hata soli ya ndani ya tiba haiwekwi katika buti la usalama kiholela. Ni lazima soli hiyo na buti hilo viwe vimejaribiwa pamoja, la sivyo buti huhesabiwa kuwa limepoteza idhini yake. Lakini Wajerumani hawakuishia katika kukataza. Waliweka njia ambayo mwenye mguu wa pekee huifuata mpaka akapata buti linalomwenea na lenye idhini. Sisi tuna lango, na njia hatujaichonga.

Kuichonga si muhali. Shirika la Ubora wa Bidhaa na Idara ya Usalama na Afya Kazini zinaweza kukaa pamoja na kuweka utaratibu ambao fundi aliyesajiliwa atatumia kofia za vidole na soli zilizokwisha kujaribiwa, ashone sehemu iliyobaki kwa kipimo cha mtu, na kazi yake ikaguliwe. Ujuzi tunao. Chuo cha Mafunzo ya Utabibu, KMTC, hufunza wataalamu wa viungo bandia na viatu vya tiba. Thika kuna kituo cha mafunzo na uzalishaji wa viatu. Kariokor kuna mikono iliyozoea ngozi kwa vizazi.

Si kila mguu utakaohitaji fundi. Wengi wangeokolewa na hatua nyepesi: kupimwa miguu yote miwili kabla ya oda kutolewa, oda yenyewe kuwa na upana zaidi ya mmoja na vipimo vya wanawake, na viwanda kukubali kuuza la kulia la namba moja na la kushoto la namba nyingine bila kumlazimisha mtu anunue jozi mbili. Wachache watakaobaki ndio wapelekwe kwa fundi, na gharama iwe ya mwajiri. Waajiri watanung'unika, nao wana haki ya kuhesabu fedha zao. Wahesabu basi na siku zilizopotea, matibabu, na fidia ambayo Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, nayo ya mwaka wa 2007, inawadai mfanyakazi anapoumia.

Kwa sasa mpwa wangu amenunua kwa fedha zake jozi ya pili yenye muhuri, ya namba saba. Anavaa la kulia la jozi moja na la kushoto la jozi nyingine. Hilo la kushoto linambana juu ya mgongo wa mguu, ila halimwangushi. Mawili yaliyobaki yako chini ya kitanda. Yale ya fundi huyavaa Jumapili, akaenda nayo kanisani, mahali ambapo hakuna tofali linaloanguka.

Haifai iwe hivyo. Wahusika wakilala, kila mwajiri anaweza kuanza kesho asubuhi kwa hatua isiyohitaji bajeti wala mswada Bungeni. Karani wa ghala anapomuuliza kibarua "Namba gani?", kwanza amwambie avue viatu, asimame, na aitazame miguu yake yote miwili.