Vipuri Mbalimbali

Katika makaratasi yote niliyopata kuyatia sahihi nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, yapo maneno mawili ambayo mpaka leo hayanipi raha: "vipuri mbalimbali". Yaliandikwa mwaka 1999 katika ankara ya kampuni moja ya kuuza na kutengeneza magari jijini Dar es Salaam, na mkabala wake kulikuwa na kiasi cha fedha, basi. Nilitia sahihi. Mhasibu akalipa. Mkaguzi alipokuja hakuuliza neno.

Mambo yalikuwa hivi. Gari letu la chuo lilikuwa limechoshwa na barabara zilizoharibiwa na mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998. Tulilipeleka katika gereji ya kampuni hiyo kwa sababu pedeli ya breki ilikuwa inazama. Wanachuo wetu walikuwa wamekwisha tawanyika vijijini kwa mazoezi ya kufundisha, na wakufunzi hawakuwa na chombo kingine cha kuwafuatia. Msimamizi wa gereji akaniambia masta silinda imekufa na stoo yao haina nyingine. Kuiagiza ng'ambo kungechukua majuma kadhaa. Nikasema siwezi kungoja, nifanyiwe haraka. Neno hilo lilitoka kinywani mwangu mwenyewe, nami simsingizii mtu. Kijana mmoja akapewa fedha taslimu, akakimbia Gerezani, na kabla ya adhuhuri kifaa kilikuwa kimefungwa. Nikamshukuru yule msimamizi kwa moyo wote.

Juma la tano, kwenye mteremko, pedeli ikaenda mpaka sakafuni. Dereva wetu akaligongesha gari ukingoni kwa makusudi, maana mbele yake kulikuwa na watoto wanaotoka shule. Watoto walisalimika. Yeye alivunjika mguu mahali pawili, akachechemea mpaka alipostaafu.

Nilirudi katika kampuni ile nikitaka kujua jambo moja tu: kifaa kile kilinunuliwa duka gani? Hakuna aliyejua. Risiti haikuonekana. Kijana aliyetumwa alikuwa ameacha kazi. Nikaomba kuona leja. Mtunza stoo, bwana mmoja nadhifu mwenye mwandiko wa kupendeza, akanitolea kadi ya masta silinda ya aina ile. Ilikuwa safi kabisa, haina alama ya wino kwa muda wa miaka miwili. "Unaona, Mwalimu," akasema, "kifaa hiki hakitembei. Hakuna anayekiulizia, ndiyo maana hatukiagizi." Msimamizi wa gereji, aliyekuwa amesimama mlangoni, akacheka kidogo. "Mzee, hicho tunakinunua mtaani karibu kila wiki."

Ndugu msomaji, zisome tena kauli hizo mbili. Watu hao walifanya kazi chini ya paa moja, wakinywa chai katika birika moja, na kila mmoja alikuwa anasema kweli. Stoo haikuweka kifaa kwa sababu kadi ilisema hakitakiwi. Kadi ilisema hakitakiwi kwa sababu kila kilipotakiwa hakikuwamo stoo, kikanunuliwa nje, na kilichonunuliwa nje hakikuandikwa. Kwa mtindo huo rafu ingekaa tupu milele, na kila wiki mwenye gari angeambiwa kwamba safari hii, kwa bahati mbaya, imetokea dharura.

Mimi nimefundisha tangu ujana wangu. Mwalimu anapoita majina asubuhi huandika waliofika na huandika wasiofika pia. Daftari la mahudhurio lenye alama za waliofika peke yao lingemwambia nini? Lingemwambia kwamba darasa halina tatizo. Mtoto asiyeonekana kwa mwezi mzima angekuwa kana kwamba hajapata kuzaliwa. Leja ya stoo inayoandika kilichotoka rafuni tu ni daftari la namna hiyo.

Watanijibu kwamba mteja yuko dirishani, gari liko juu ya jeki, na huu si wakati wa kuandika. La hasha. Nani amesema gari lingoje karatasi? Kijana na aende mbio Gerezani, lakini akirudi, kifaa kipite kwanza mezani kwa mtunza stoo. Hapo iandikwe namba ya kifaa, duka kilikotoka, bei yake, namba ya gari na namba ya kazi, pamoja na alama ya kuonyesha kwamba ni manunuzi ya dharura. Kisha kitolewe stoo kama kifaa kingine chochote. Mwisho wa mwezi mtu azihesabu alama hizo. Kifaa kilichokimbiliwa mara tatu katika miezi michache si dharura tena, kinadai rafu. Na siku kikimdhuru mtu, pana duka la kwenda kuuliza.

Najua desturi hii ilikozaliwa. Katika miaka ya themanini mwanzoni nchi haikuwa na fedha za kigeni, stoo zilikuwa na panya kuliko vipuri, na mtu aliyejua mlango wa nyuma wa kupatia fenibelti alikuwa shujaa. Hatukumuuliza kaipata wapi. Kuuliza kungefunga mlango. Siwalaumu watu wa siku zile. Lakini bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na baada ya hapo maduka yalijaa. Ushujaa ule ulibaki bila ya shida iliyouzaa. Tena ulibaki kwa sababu una utamu wake: penye "vipuri mbalimbali" hakuna anayeweza kupima tofauti kati ya bei ya dukani na bei ya kwenye ankara. Sisemi kila fundi ni mwizi. Nasema kwamba karatasi ile haiwezi kumtofautisha mwizi na mwaminifu, na mwaminifu ndiye anayepaswa kuichukia zaidi.

Sasa kuna kompyuta, na wengi hudhani zimemaliza ubishi huu. Mwaka jana nilipeleka kigari changu katika gereji nyingine, kubwa, yenye viyoyozi. Kifaa hakikuwamo, kikaletwa kutoka nje. Binti wa mapokezi akabonyeza na kunitolea ankara, nami nikatafuta miwani. Hawakuandika "vipuri mbalimbali". Palikuwa na namba ndefu ya heshima. Nikamuuliza ni namba ya kifaa gani. Akasema, "Babu, hiyo tunaitumia kwa kila kitu kinachotoka nje."

Nikamwambia sitii sahihi. Meneja akaitwa, akanisihi, akanikumbusha kuwa nyuma yangu pana foleni. Palikuwa na foleni kweli, na baadhi ya waliomo walikuwa wanaguna. Nikawaomba radhi, nikabaki pale pale nikiegemea mkongojo wangu, mpaka boksi la kile kifaa likatafutwa katika pipa la taka la gereji, likaletwa limepakaa grisi, na yule binti akaanza kusoma namba yake kwa sauti huku akiandika, pamoja na jina la duka. Ilimchukua dakika tatu.