Nairobi hadi New York: Umbali Mmoja, Muda Tofauti

Umbali wa Nairobi hadi New York kwa njia fupi kabisa ya angani ni takribani kilomita 11,850. Kenya Airways ilianza safari za moja kwa moja kati ya miji hiyo Oktoba 2018, kwa ndege aina ya Boeing 787-8. Ratiba hutenga saa 15 hivi za kwenda na 14 za kurudi. Tofauti hiyo husababishwa hasa na pepo kali za anga za juu, zinazovuma kutoka magharibi kwenda mashariki juu ya Atlantiki ya Kaskazini: huikabili ndege iendayo Marekani na kuisukuma irudipo.

Kuondoka Nairobi kuna ugumu mwingine: uwanja wake wa ndege wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi ya huko hupunguza uzito ambao ndege inaweza kuruka nao, na safari ndefu huhitaji mafuta mengi.

New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 7 au 8, kutegemea majira. Kwa hiyo, Januari, abiria aondokaye saa tano usiku hufika saa kumi na mbili asubuhi ya huko.