Kitabu cha Pili cha Watoto

Wengi wenu mwakijua kijitabu chetu cha picha, habari za kijana aliyepewa mbuzi amchunge, naye akaenda kuoga mtoni, na mbuzi akapotea. Watoto walikipenda, wakaanza kutudai cha pili. Tulidhani kazi hiyo ni nyepesi, maana kijana na nyumba yao na mto vyote vimekwisha kuwapo. Tumeanza mara tatu, na mara tatu tumezirarua karatasi.

Mara ya kwanza tulimrudisha mbuzi katika ukurasa wa kwanza, tupate kuendelea upesi na mambo mengine. Tulipowasomea watoto jioni, mmoja akauliza, "Mwalimu, amerudije? Na baba yake hakusema neno?" Hatukuwa na jibu. Mwingine akaichungulia picha, akasema huyu siye mbuzi yule, kwa kuwa yule alikuwa na sikio jeupe la kushoto, na huyu ni la kulia. Mtu mzima asingaliona. Lakini mtoto aliyekipekua kitabu mara hamsini amekihifadhi chote moyoni, na aandikaye cha pili huhukumiwa na watu wakijuao cha kwanza kuliko yeye mwenyewe.

Katika hadithi zetu za jioni taabu hii haipo. Sungura jana alinaswa, leo yu huru katika shamba la watu, wala hakuna aulizaye alitokaje. Kitabu cha picha si hivyo. Hukaa nyumbani, na ukurasa wake wa mwisho haufutiki.

Basi tukavitafuta vitabu vya Bibi Beatrix Potter wa Uingereza. Mwaka 1893 alimwandikia mtoto mgonjwa barua yenye picha, habari za sungura mdogo, Peter, aliyemwasi mama yake akaingia katika bustani ya Bwana McGregor. Na habari hiyo ikatolewa kitabu London mwaka 1902. (Bibi huyo alizichorea picha pia hadithi za sungura zilizosimuliwa na watu weusi wa Marekani, kwa hiyo huenda Peter ana udugu wa mbali na Sungura wetu.) Peter aliokoka, lakini koti lake la buluu na viatu vyake vilibaki bustanini, vikatundikwa kuwatisha ndege.

Kitabu cha pili, cha mwaka 1904, chaanzia katika koti lile. Peter hana nguo, amejifunga leso nyekundu, na binamu yake Benjamin amshawishi warudi wakazitwae. Tazameni jinsi mwandishi alivyokumbuka. Benjamin, ambaye hakupatwa na neno, ala majani kwa raha kana kwamba yuko kwao. Peter hali kitu, aangusha nusu ya vitunguu alivyobeba, ataka kwenda nyumbani. Koti lapatikana, lakini mvua ya usiku imelipunguza. Kisha paka awakalia juu ya kikapu walimojificha, muda wa saa tano, mpaka baba yake Benjamin aja kuwatoa, na fimbo aipata Benjamin.

Mwisho mama amsamehe Peter, kwa kuwa afurahi kuona koti na viatu vimepatikana. Hapo sisi tulisita. Twakipenda kitabu hicho, walakini tulijiuliza: je, kama koti lisingalipatikana?

Ndipo tulipotambua kilichotukwamisha. Tulimrudisha mbuzi upesi kwa kuwa tuliogopa kuiandika jioni ile, baba ameketi mlangoni, na mwanawe aja peke yake. Ni rahisi kumchora baba akifurahi, mbuzi akiwa amesimama kando yake. Lakini watoto wetu wamekwisha kupoteza vitu visivyorudi, na wengine wao hulala kwa jirani usiku ule kwa kuogopa kuingia nyumbani.

Kitabu bado hakijaandikwa, nasi twaomba radhi kwa kuchelewa. Ukurasa wa kwanza tu ndio uliochorwa, na aliyeuchora ni yule yule mchoraji wa kwanza. Jua limekuchwa, taa imewashwa ndani, na kijana amesimama nje ya ua, ameshika kamba tupu.